Mwalimu ukishavuka mpaka unabaki mwalimu, au unakua nani? (watu wa Tanga na waliopita Tanga njooni)

TichaMakorora (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Hii mada nimeizungusha kichwani miezi kama mitatu, leo naimwaga hapa, mwenye kucheka acheke.

Jumamosi nilikua Kange stendi nasubiri gari ya Muheza, konda akapiga kelele "Mwalimu! Mwalimu wangu we, siti yako hii hapa!" Nikageuka na kikapu changu, tabasamu nimeshalitoa kabisa. Kumbe anaitwa mzee wa kanzu aliekua nyuma yangu, mwalimu wa chuo, anasomesha watoto Kurani huko Pongwe. Nikajifanya naangalia saa. Mkononi sina saa.

Sasa nijieleze. Mi nimefundisha hesabu sekondari hapahapa Tanga miaka 11. Shule ya kata, kidato cha pili mkondo mmoja tu una watoto 84, wengine wanakaa kwenye kizingiti cha dirisha, ukimuita mtoto ubaoni wenzie inabidi wainuke ndo apite. Mshahara mnaujua. Ila nikipita Ngamiani na baiskeli yangu naitikia marhaba mpaka mdomo unakauka, muuza samaki ananifichia changu chini ya gunia anasema hawa wa mwalimu.

2019 mume wangu akapata nafasi ya kusomea PhD Leeds, Uingereza. Nikaomba likizo bila malipo nikamfuata na watoto wawili. Viza ya mwenza ilikua inaruhusu kufanya kazi, nikasema mwalimu wa hesabu hakosi pa kusimama, hesabu ni hesabu, x ya Tanga ndo x ya Leeds.

Nilianza na usafi wa maofisi, miezi saba, sioni haya kusema. Baadae nikapata kazi shuleni, nikafurahi sana nikampigia mama usiku huohuo. Kazi yenyewe msaidizi wa darasani. Unakaa pembeni ya mtoto mmoja mwenye mahitaji maalumu, unamsaidia kushika penseli, unamtuliza, mwalimu anafundisha kule mbele. Na mwalimu mwenyewe umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Siku moja kijana wa watu anafundisha kutoa sehemu, 3/4 toa 2/3. Kaweka vizuri 9/12 toa 8/12, halafu jibu kaandika 2/12. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, nakwambia wenyewe, kama mtu alieguswa na jiko. Nikaushusha. Msaidizi hamsahihishi mwalimu mbele ya watoto, hakuna alieniambia ila nilijua tu. Dakika haikupita mtoto wa mbele akasema "Sir, ni moja juu ya kumi na mbili hiyo", mwalimu akacheka akafuta maisha yakaendelea. Mi nilibaki naangalia ule mkono.

Af kule kila mwanamke wa shuleni anaitwa "Miss". Mwalimu Miss, msaidizi Miss, wa jikoni Miss. Mwanzo nikaona raha, baadae nikaelewa kua hilo jina halinijui.

2024 tumerudi. Ruhusa yangu ilishaisha zamani mi nikaendelea kukaa, hilo kosa langu simtupii mtu, nikaondolewa kwenye orodha ya mishahara, cheki namba (ile namba ya mtumishi wa serikali) ikafa. Sasa hivi nina watoto 9 wa tuisheni barazani kwetu Makorora, ndo hivyo.

Mwanangu mdogo kaletewa fomu ya shule. Kuna mstari KAZI YA MZAZI. Fomu iko juu ya friji, inatakiwa Jumatatu. Nauliza kwa nia njema kabisa: ualimu unakaa wapi? Kwenye cheti, kwenye cheki namba, au midomoni mwa watu? Na mliowahi kuhama, iwe nje iwe mkoa kwa mkoa, mlipofika mlikua walimu walewale?

---

NjaaKali88

Dada pole ila walimu mnapenda kulia jamani. Ulikua unalipwa pauni au chaki? Kama pauni tulia. Weka koneksheni hapa acha mafumbo.

---

TichaMakorora

Pauni zilikuepo kaka na kodi ya nyumba ilikuepo inazisubiri mlangoni. Koneksheni yenyewe mi nilienda kwa mgongo wa mume, na ile njia wameibana, kuanzia Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida habebi tena familia, wanaobeba ni wale wa utafiti na wanaosomeshwa na serikali. Na ukifika na digrii yako ya ualimu unaweza kufundisha shule za serikali kama mwalimu asiethibitishwa mpaka miaka minne, ila shule ikukubali kwanza. Mi nilituma maombi mpaka nikaacha kuhesabu.

---

Naenda_Moshi

Samahanini natoka nje ya mada kidogo. Niko Mkinga, sekondari, masomo Jiografia na Kiswahili, natafuta mwalimu wa kubadilishana nae kituo kutoka Moshi Vijijini au Hai. Mkinga kuzuri, samaki kibao, barabara ya Horohoro lami mpaka mpakani. Alie tayari anicheki.

---

MzeeChaki

Mimi nimestaafu, naandikiwa na mjukuu, makosa ni yake.

Binti yangu nimekusoma. Mwaka 1976 nimetoka chuo, Daraja C, yaani darasa la saba na miaka miwili ya ualimu basi. Mnyakyusa wa Rungwe, bahari naijua kwenye ramani. Barua inasema ripoti Muheza, na wakati huo Mkinga yote ilikua ndani ya Muheza. Azimio la Musoma la 1974 lilishasema watoto wote waingie shule kwa hiyo walimu walikua wanatawanywa kama mbegu, huulizwi unapenda wapi. Nikashushwa na lori la mkonge nikatembea na sanduku la bati kichwani mpaka kijijini, Wadigo watupu.

Siku ya kwanza darasa la nne nikasema "andikeni halaka, kasi nyingi". Sisi kwetu r na z hazipo, ulimi unazikataa. Darasa lote likaanguka kucheka, mtoto mmoja akalala kabisa chini. Mimi mwalimu, nina cheti cha Wizara, nachekwa Kiswahili na watoto wa miaka kumi! Usiku nilikaa na koroboi najifundisha kusema "haraka". Ha-ra-ka. Ha-ra-ka. Mpaka leo nikikasirika inarudi halaka.

Lakini hilo dogo. Nikaweka masomo ya jioni, watoto hawaji. Naandika watoro, naandika watoro, kitabu kimejaa. Siku moja akaja mzee mmoja na bakora yake tukakaa chini ya mwembe, kumbe ndiye mwalimu wa chuo, watoto jioni wako kwake. Akaniambia, "Mwalimu, hawa watoto wana walimu wawili. Tugawane jua. Wewe chukua la asubuhi, mie nipe la alasiri." Mimi Mkristo wa Moraviani, sikuwahi kudhani kuna mwalimu mwingine kijijini. Tuligawana jua miaka 19 mpaka alipofariki, na kwenye maziko walinipa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo yule wa kanzu wa Kange usimuonee wivu, huyo ni mwenzio.

Tena nilipoenda likizo nyumbani 1983 wakasema "Mswahili amekuja", eti naongea kwa madaha, nakula samaki na ngozi yake. Huku Mnyakyusa, kule Mswahili. Kilichobaki hakibishaniwi ni Mwalimu. Dukani daftari la madeni limeandikwa "Mwalimu" tu, nilipokwenda kujiandikisha kitambulisho shahidi wangu aliulizwa jina langu kamili akageuka akaniuliza mimi.

---

BishanaNao

Shikamoo mzee wangu. Stori tamu ila wakati wenu mlikua wawili kijiji kizima, wewe na huyo wa chuo. Leo shule moja ina walimu 20, bodaboda wa nje ya geti ana hela kushinda mkuu wa shule, na mwalimu kijana akifika kituoni kitu cha kwanza anatafuta mtandao uko kona gani. Hayo mambo ya daftari la madeni kuandikwa Mwalimu leo ni sifa mbaya tena, ni ushahidi wa mikopo ya kausha damu.

---

MzeeChaki

Marhaba. Umesema kweli kuhusu deni.

---

Ssebo_wa_Raskazone

Hamjambo. Mimi ni Mganda, nimeishi Tanga kuanzia 2004 hadi 2016, Kiswahili changu mtanisamehe nimekijulia kwa wauza mishkaki.

Kwetu Masaka nilikuwa mwalimu wa historia. Historia! Niliipenda. Rafiki akanipigia simu, kuna shule ya "inglishi midiamu" Tanga wanataka walimu, nikapanda basi. Nilipofika mkurugenzi hakuuliza somo, aliuliza natoka wapi. Kesho yake nikawa mwalimu wa Kiingereza. Mlangoni wakatundika bango, WALIMU KUTOKA UGANDA NA KENYA. Basi mimi nikawa bango. Wazazi walikuja kusikiliza namna ninavyotamka, mama mmoja alisimama dirishani kipindi kizima amefumba macho, anasikiliza tu, halafu akaenda kulipa ada.

Nilisema naweza kufundisha historia pia. Wakasema historia wana mtu.

Ikaja sheria ya 2015 ya ajira za wageni, kibali miaka miwili miwili na jumla isizidi mitano, shule ioneshe hakuna Mtanzania wa nafasi hiyo. Silaumu, nchi ina vijana wake. Vibali vikagoma, 2016 nikarudi Masaka na mke wangu Msambaa.

Sasa sikilizeni. Uganda 2020 ukaja mtaala mpya wa sekondari, Kiswahili kikawa lazima kidato cha kwanza na cha pili. Walimu hakuna. Mkuu wa shule akasema, wewe si ulikaa Tanga? Huyo ndiyo mwalimu wa Kiswahili! Mimi! Mke wangu alicheka akakaa chini. Yeye ndiye anasahihisha maandalio yangu ya somo usiku, anasema hapa umeandika Kiganda.

Kwa hiyo dada wa Makorora, nilipokuja kwenu nilikuwa Kiingereza kwa sababu natoka Uganda, niliporudi kwetu nikawa Kiswahili kwa sababu natoka Tanga. Historia yangu iko kwenye sanduku. Ni mwalimu, ndiyo, hilo sijawahi kunyimwa. Ila somo langu huwa linachaguliwa na mpaka.

---

NjaaKali88

Hapa nimecheka peke yangu kwenye daladala 😂 "mimi nikawa bango"

---

NgeliYangu

Ssebo umenigusa. Mi ni mwalimu wa Kiswahili, nilienda Marekani kwa ule mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, miezi tisa unafundisha lugha yako chuo kikuu huku na wewe unasoma kozi kidogo, ikiisha unarudi kwenu. Mi mtoto wa Chumbageni, mtu wa pwani, Kiswahili nimekinyonya. Nikaenda nimevimba kichwa.

Wiki ya pili mwanafunzi mmoja kanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini tunasema mwalimu wangu lakini rafiki yangu? Wote si watu?" Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema ndivyo ilivyo. Akaandika kwenye daftari, niliona kabisa, NDIVYO ILIVYO, kama ni kanuni.

Nililala nayo. Dada yangu, mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Mtoto wangu, mke wangu, mwalimu wangu. Miaka sita nimefundisha Tanga sijawahi kuulizwa, mtoto wa Tanga haulizi kwa nini, anazaliwa anajua. Asubuhi nikarudi na jibu, mwalimu ana ile m ya mbele kwaio anaenda na wangu, rafiki na dada hawana hiyo m wako kwenye sura ya akina nyumba na ndizi kwaio umilikaji wao unafuata huko, ingawa kitenzi kinabaki cha watu, rafiki yangu amekuja sio imekuja. Kijana akatikisa kichwa akauliza na mbwa je. Nikasema mbwa kesho.

Nataka kusema nini. Kule ndo nilijua kua nyumbani nilikua sifundishi Kiswahili, nilikua nafundisha mtihani wa Kiswahili kwa watu wanaokijua. Ni kazi mbili tofauti. Na sasa mlango unafunguka, SADC wamekipitisha lugha rasmi 2019, Umoja wa Afrika 2022, BAKITA wanatoa mafunzo ya kufundisha wageni, na kila mtu mtaani anajiona tayari maana "Kiswahili si ninakiongea". Nendeni muulizwe habari za mbwa.

Ila nilivyorudi nikajaribu kufundisha kidato cha tatu kwa maswali kama wale wanafunzi wangu wa kule, mwenzangu wa stafu rumu akaniambia "wewe umekuja na mambo ya Wazungu, silabasi haiishi hivyo". Na kweli haikuisha.

---

MwanaNgamiani

Mada nzuri kuliko zote mwezi huu na haina mpira ndani.

Niongeze ya kale kidogo. Mnaongea kama kuhama ni kitu kimeingia jana, wakati ualimu wa hii nchi umezaliwa safarini. Shule ya serikali ya kwanza bara ilifunguliwa na Wajerumani hapahapa Tanga 1892, na vijana wa pwani waliotoka pale walipelekwa bara kua walimu na makarani, mtu wa Tanga anajikuta kwa watu asiojua lugha yao, kavaa kanzu nyeupe, anafundisha kusoma, na wenyeji wanamuona ni mkono wa Mjerumani. Sidhani kama walimuita mwalimu kwa mapenzi. Baadae 1961 wakaja vijana wa Marekani na Uingereza kujaza sekondari zetu, wale wa mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, hao nao wengi walikua wageni wa kazi kabisa, wamefika kujifunza ualimu juu ya vichwa vya babu zetu. Na mashamba ya mkonge yanayotuzunguka watoto waliokua wanasoma shule zake ni wa manamba kutoka Kigoma na Songea na Burundi huko, kwaio hapa mwalimu mgeni anamfundisha mtoto mgeni na mwenyeji yuko baraza la kahawa anasema waja leo waondoka leo.

Na huyu tunaemuita Mwalimu kwa herufi kubwa. Kafundisha Tabora, 1949 kaenda Edinburgh, karudi 1952, kafundisha Pugu, 1955 kaacha chaki. Ukijumlisha miaka aliyosimama darasani ni michache kuliko ya dada wa Makorora! Cheki namba yake ilikufa 1955, jina je?

Kuhusu Uingereza nako kuna jambo linaniudhi. Februari 2023 walifungua njia ya kutambua walimu wa nchi tisa zaidi, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Zimbabwe, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong na Ukraine. Wa hizo nchi akiwa na vigezo, na somo lake ni hesabu au sayansi au lugha, anaomba anathibitishwa bila kurudi darasani. Sisi hatumo. Mwalimu wa hesabu wa Harare anaingia mwalimu, wa Tanga anaingia msaidizi, na wote wamefundisha Pythagoras huyohuyo. Nchi za Jumuiya ya Madola zilipitisha itifaki ya kuajiri walimu 2004, imeandikwa vizuri kua mwalimu aliehama asidhulumiwe na nchi alikotoka isikombwe, ila haimlazimishi mtu.

---

TichaMakorora

MwanaNgamiani hiyo ya Harare niliishi nayo. Tulikua na mama mmoja Mzimbabwe shule ileile, tulikua tunakula pamoja chakula cha mchana ndani ya gari yake maana stafu rumu baridi, sio ya hewa. 2023 akapata uthibitisho wake. Jumatatu akaja na kamba ya kitambulisho rangi ya walimu, sisi wasaidizi rangi nyingine. Nilimkumbatia nikamwambia hongera na nilimaanisha. Lakini hatukula tena kwenye gari, maana walimu walikua na kikao cha mchana. Hakuna alieniudhi. Ni kamba tu.

---

BintiBondei

Mi sijahama popote, nimezaliwa Muheza nimesoma Muheza nafundisha Muheza, labda nihamie Korogwe kwa mume. Naomba niulize swali ambalo naona mnalizunguka wote. Fimbo. Dada huko Leeds ulikaaje darasani bila fimbo? Kanuni zetu za 2002 zinasema visizidi vinne na achape mkuu wa shule au aliemruhusu kwa maandishi, sasa semeni ukweli nani ana hayo maandishi. Mi nikiingia darasa la watoto 90 bila kitu mkononi sijui mikono niiweke wapi.

---

TichaMakorora

Nilijua atakuja mtu wa fimbo.

Nilikua nachapa. Naandika hapa kwa jina la bandia lakini naandika. Sikua mkali wa kutisha ila nilikua na kijiti changu cha mpera, na watoto walikua wanakiita "jibu".

Kule shule za serikali fimbo ilishakufa tangu 1987. Yule mtoto niliekua nakaa nae alikua ananirushia penseli. Kila siku. Naiokota naiweka mezani, anarusha. Wiki mbili, siku kumi za shule. Mwili wangu wote unajua cha kufanya na siwezi kukifanya. Siku ya kumi na moja akainyanyua, akanitazama, akanipa mkononi. Basi. Nilienda chooni nikalia, na hakuna alieona, hakuna fomu ya kujaza kitu kama kile, mwalimu mbele anaendelea na sehemu zake.

Sasa nimerudi. Barazani kwangu mtoto mmoja wa darasa la sita alikosea jedwali la saba, na kabla sijafungua mdomo bega lake likapanda juu likaziba sikio. Sikua na kitu mkononi. Nilikua nimeshika kikombe cha chai. Mama yake alikua pale anasubiri akasema "Mwalimu mchape tu, huyo wako." Nikamwambia tunarudia tu mama, atapata. Wiki iliyofuata kamhamishia tuisheni kwa mwingine, nasikia kasema yule wa Ulaya hana ukali, sijui kama ni mwalimu kweli.

BintiBondei mikono yangu nayo bado naitafutia pa kuiweka.

---

BintiBondei

Mh. Hiyo ya bega. Nina hao mabega darasani kwangu zaidi ya ishirini.

Sijui niseme nini, nakuja baadae.

---

BishanaNao

Mi naona tunawaonea wazazi. Mzazi wa Makorora anataka mtoto afaulu, amezoea mwalimu ni mtu wa namna fulani, unamletea mwingine. Hata mganga akikupa dawa tamu unamshuku. Dada ungemueleza.

---

TichaMakorora

Ningemueleza. Nilikua nimeshika chai.

---

Ssebo_wa_Raskazone

Mke wangu anauliza Makorora ile baraza iko upande gani, ana dada yake pale karibu na soko, ana watoto wawili wa hesabu mbovu sana.

---

TichaMakorora

Shemeji nakuja inbox sasa hivi 😂

---

MzeeChaki

Mjukuu anasema Jumatatu imepita. Fomu je?

---

TichaMakorora

Mzee wangu shikamoo. Nimeipeleka. Niliandika MWALIMU, kwa kalamu, herufi kubwa. Karani kijana wa kike akasoma akauliza "wa shule gani mama?" Nikasema sina shule kwa sasa, nafundisha barazani kwangu, hesabu, watoto 8. (Walikua 9, mnajua mmoja alikoenda.) Akaniangalia vizuri tu, kwa upole kabisa, akachukua kalamu yake, akakata kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "Mjasiriamali".

---

NjaaKali88

😂😂😂 nisamehe dada. Ila mjasiriamali unakopesheka, mwalimu ana makato.

---

NgeliYangu

Mjasiriamali wangu. Inafuata kanuni.

---

MwanaNgamiani

Muulize huyo karani alifundishwa kuandika na nani.

---

TichaMakorora

Nilimuuliza, mkuu wangu. Kasoma shule ya kata moja hapahapa mjini, kamaliza 2020, hesabu alipata F. Nilishaondoka mwaka kabla. Alisema kidato cha tatu na cha nne hawakua na mwalimu wa hesabu, yule aliekuepo alienda nje.

---

BintiBondei

Weeee.

---

Naenda_Moshi

Poleni na mada wakuu. Nimepata mtu wa Hai ila ye ni Jiografia na Historia, wamesema mpaka masomo yafanane. Bado natafuta. Jiografia na Kiswahili, Mkinga, samaki kibao.

---

MzeeChaki

Mwanangu uko Mkinga shule ipi? Pita kwangu Jumapili kabla hujaondoka, uliza kwa Mwalimu.